Vitabu vya sarufi na miongozo ya uandishi vinamfaa nini mtu aliyezaliwa na Kiswahili? Niliyoyaona mezani kwangu, Mtwara

Mchapaji wa Mtwara (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu kutoka Mtwara mjini.

Nina duka dogo la stesheneri ambamo, mbali na kuuza daftari na kutoa kopi, kazi yangu kubwa ni kuchapa na kunyoosha maandishi ya watu: barua za maombi, mihtasari ya vikao, mikataba ya kukodisha mashamba ya mikorosho, na hasa katiba za vikundi vya kuweka na kukopa na vya kuzikana. Wateja wanaoona kamusi na vitabu vya sarufi vilivyopangwa kando ya kompyuta huniuliza ninavifanyia nini, ilhali Kiswahili nimekulia nacho. Nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu naamini wengi wetu tunavidharau vitabu hivyo kutokana na namna tulivyokutanishwa navyo. Shuleni tulivikuta vikiwa fimbo ya kumkosolea mtu, kumbe kazi yake hasa ni kumwonyesha anayeandika mahali ambapo sentensi yake inaweza kusomwa kwa maana ambayo hakuikusudia.

Mwezi uliopita walinijia viongozi wa kikundi kimoja cha kuzikana kutoka upande wa Mikindani, wakiwa na katiba iliyochapwa mahali pengine na ugomvi uliokwisha kuwagawa. Ibara iliyowagombanisha ilisema hivi: «Kwa watoto wa wanachama waliofariki, kikundi kitatoa shilingi 200,000.» Mama mmoja alikuwa amefiwa na mtoto, akaenda kudai fedha za mazishi. Mweka hazina akakataa, akisema kwamba fedha hizo ni za kuwasaidia yatima walioachwa na wanachama, wala si za mazishi ya watoto. Mama yule alisoma ibara ileile akaona haki yake imeandikwa waziwazi. Kila mmoja alikuwa na uhakika, na kila mmoja alimdhania mwenzake kuwa ana hila.

Wote wawili walisoma sawasawa, na kosa lilikuwa ndani ya sentensi yenyewe. Kitenzi «waliofariki» kinapatana na watoto, na kinapatana vilevile na wanachama, kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli ya a-/wa-. Laiti ibara ingehusu nyumba, pasingekuwa na ubishi wowote: «nyumba za wanachama zilizoungua» ni nyumba ndizo zilizoungua, na «nyumba za wanachama walioungua» ni habari nyingine kabisa. Upatanisho wa ngeli, ambao mara nyingi hutufanyia kazi ya kubainisha nani kafanya nini bila sisi kuhangaika, hapa ulinyamaza. Katika mazungumzo tusingepata shida, kwa sababu sauti, kituo na yale tunayoyajua sote yangetusaidia. Karatasi haina sauti.

Watu waliopitisha ibara hiyo wote walizungumza Kiswahili tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyeona tatizo siku ya kuipitisha. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema kwamba mzawa wa lugha hahitaji kitabu. Mzawa anajua kusema. Lakini anaposoma alichokiandika mwenyewe, maana aliyonayo kichwani humziba macho asiione maana ya pili. Sura za upatanisho wa kisarufi na vishazi rejeshi, yaani mafungu kama «waliofariki» yanayoifafanua nomino, zilinifundisha kulitilia shaka kila «-o-» linalokaa nyuma ya nomino mbili za ngeli moja. Tangu hapo nimekuwa nikiyakamata mambo hayo kabla hayajafika kikaoni.

Ibara tuliivunja ikawa mbili: «Mwanachama akifiwa na mtoto, kikundi kitatoa shilingi 200,000 kwa ajili ya mazishi. Mwanachama akifariki, kikundi kitawapa watoto wake shilingi 200,000.»

Sasa niseme kidogo kuhusu vitabu vyenyewe, maana watu huvichanganya, kisha wakavilaumu kwa kutokujibu maswali ambayo havikuandikwa ili viyajibu.

Kamusi ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayosomwa kwa haraka mno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyoandaliwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya mwaka 2015, hazitoi maana peke yake. Kila nomino imewekewa alama ya ngeli yake, kama [ki-/vi-], [u-/i-] au [i-/zi-], na kurasa za mwanzo, ambazo karibu kila mtu huziruka, zinaeleza namna ya kuzisoma alama hizo na vifupisho vya aina za maneno. Anayezisoma kurasa hizo mara moja tu hupata nusu ya sarufi anayoihitaji ofisini. Kwetu kusini kamusi ina kazi ya ziada, kwa sababu wengi wetu tunatoka kwenye Kimakonde, Kimwera au Kiyao, na herufi za l na r hutuchanganya tunapoandika. Niliwahi kuletewa rasimu isemayo kwamba kila mwanachama atakuwa na haki ya «kula» moja, na makubaliano ya posa yanayotaja «mahali» yatakayolipwa kwa awamu mbili. Programu ya kompyuta haiwezi kuliwekea mstari mwekundu neno «kula» wala «mahali», kwani yote mawili ni maneno halali. Anayeweza kuliona kosa ni mtu mwenye shaka, na shaka hiyo inahitaji mahali pa kwenda kuulizia.

Kitabu cha sarufi kinajibu swali la aina nyingine: kwa nini. Tunasema «rafiki yangu amefika», ambapo «yangu» inafuata i-/zi- huku «amefika» ikifuata a-/wa-, na mwanafunzi mwerevu anayependa mambo yanyooke atataka kuandika «rafiki wangu». Sarufi inamwonyesha kwamba rafiki, jirani, mama, baba na dada ni kundi lenye desturi yake katika vimilikishi, tofauti na ng'ombe na mbwa ambao ni «ng'ombe wangu» na «mbwa wangu». Akishajua hivyo hababaiki tena. Vilevile anayefahamu kwamba «amba-» na kirejeshi cha ndani ya kitenzi ni njia mbili za kufanya kazi moja hataandika «mjumbe ambaye aliyechaguliwa». Atachagua ama «mjumbe ambaye alichaguliwa» ama «mjumbe aliyechaguliwa», kutegemea urefu wa sentensi yake.

Aina ya tatu ni mwongozo wa mtindo, na huu ndio tunaouhitaji zaidi ingawa ndio tunaouzungumzia kidogo. Wenyewe hausemi lipi ni sahihi. Unasema, kati ya haya mawili au matatu yanayokubalika, sisi katika ofisi hii tutatumia lipi. Nchini Marekani, mwongozo mkubwa wa uandishi wa Chicago (The Chicago Manual of Style) ulitoka kitabuni mwaka 1906, lakini ulianza katika miaka ya 1890 kama karatasi ya maelekezo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Chicago. Toleo lake la 18 limetoka mwaka 2024. Kinachonivutia katika habari hiyo ni huo mwanzo wake mdogo.

Nami nina daftari langu. Ndani yake nimeandika kwamba «kwa hiyo», «kwa nini» na «kwa sababu» ni maneno mawilimawili, na kwamba «isipokuwa» na «ijapokuwa» huandikwa kama neno moja. Nimeandika kwamba wakati wa mkutano lazima ufuatwe na sehemu ya siku, «saa 8:00 mchana», kwa sababu simu za watu zinahesabu kuanzia usiku wa manane nasi tunahesabu kuanzia macheo, na tangazo la «saa 8:00» tupu linaweza kuwaleta wengine asubuhi saa mbili. Tangu nilipoanza kulifuata, kijana anayenisaidia haniulizi tena jambo moja mara mbili, na mteja anayerudi baada ya mwaka mmoja kuongeza kurasa katika katiba yake anakuta kurasa mpya zinafanana na za zamani.

Karibuni mtoe maoni, hasa mnaofanya kazi za maandishi.

Mwalimu wa Nachingwea

Ndugu Mchapaji, nimekusoma kwa makini na kisa cha ibara ile nakikubali. Hata hivyo, nisingependa tuvipokee vitabu hivi bila kuuliza viliandikwa na nani, kwa ajili ya nani.

Sisi wa kusini tuna sababu ya kuliuliza hilo. Askofu Edward Steere alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, kwa Kiingereza, na mwaka 1876 akashuka Lindi pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaelekea bara hadi Masasi, walikoanzisha makazi na misheni. Kitabu kile kilikuwa cha kumsaidia mgeni ajifunze lugha ya wenyeji. Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, ambayo walimu wengi waliirithi mfumo wake, nayo ilikuwa ya Kiingereza na ya mwanafunzi mgeni. Kati ya vitabu hivyo viwili ilikuwapo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, ambayo ilisanifisha Kiswahili kwa kuegemea Kiunguja, lahaja ya Unguja. Sina ugomvi na Kiunguja, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kilwa au wa Lindi, ambaye mababu zake walikuwa Waswahili kabla ya kamati hiyo kufikiriwa, huingia darasani akaambiwa kwamba maneno ya bibi yake ni makosa. Nimefundisha kwa miaka mingi na nimewaona watoto wakinyamaza mwaka mzima kwa sababu ya wino mwekundu. Mtoto aliyenyamazishwa hawezi kusaidiwa na mwongozo wowote.

Pili, ukitegemea kitabu kwa kila jambo, sikio lako hufa. Wazee wetu walitunga bila kuwa na sarufi kabatini.

Mchapaji wa Mtwara

Mwalimu, shikamoo, na nakushukuru. Sehemu ya kwanza ya hoja yako naikubali, na hata inanieleza jambo lililonisumbua siku nyingi, yaani kwa nini vitabu vingi vya sarufi vinatumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo mzawa hakosei kamwe, kisha vinapita upesi juu ya yale yanayotushinda kila siku. Mgeni anahitaji kuambiwa kwamba wingi wa «kiti» ni «viti». Mimi nahitaji kuambiwa nifanye nini pale nomino mbili za ngeli moja zinapogombea kitenzi kimoja. Vitabu vya kuwafundisha wageni vikafuatwa na vitabu vya kuwaandaa wanafunzi kwa mitihani, na katikati akasahauliwa mtu mzima anayeandika muhtasari wa kikao.

Lakini si kweli kwamba miongozo yote imetujia kutoka nje. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, kwa Kiswahili, akiwaelekeza Waswahili wenzake, akieleza vina, mizani na mengineyo ambayo watunzi walikuwa wakiyafuata kwa sikio muda mrefu kabla yake. Hakuyabuni, aliyasikiliza akayaandika. Na miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kimapokeo, ukazuka mjadala mkubwa ambao haujazimika mpaka leo. Mimi naona hilo ni ushahidi wa faida ya mwongozo. Kwa kuwa kanuni zilikuwa zimeandikwa, kila mtu alijua ni kitu gani hasa kilichokuwa kimeachwa, na ubishi ukawa na kiini cha kushika.

Kuhusu maneno ya bibi, nina desturi moja ambayo siivunji. Mzee akija kunisimulia habari za ukoo wake ili nimchapie, maneno yake nayaacha kama yalivyotoka kinywani mwake, hata yale ambayo kamusi haina. Katiba na mkataba ni kazi tofauti, kwa sababu hivyo vitasomwa na mtu ambaye hakuwapo tulipokuwa tukizungumza, pengine baraza la kata au mahakama, na aliyeandika hatakuwapo kueleza. Kwa hiyo swali ninalojiuliza kabla ya kufungua kitabu ni moja: msomaji wa karatasi hii ataweza kuniuliza nilikuwa na maana gani? Kama ataweza, sikio linatosha. Kama hataweza, kitabu kifunguliwe.

Katibu wa Tandahimba

Ndugu zangu, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Uzi huu umenigusa kwa sababu makaratasi yetu ni ya fedha za watu, na msimu wa mnada ukifika tunaandika usiku na mchana. Nina maswali mawili. Mkulima mmoja alinionyesha hati ya mkopo wa pembejeo iliyoandikwa kwa maneno matupu, «elfu ishirini na tano», naye mkopeshaji na mkopaji wakawa hawaelewani. Je, kuna kanuni? La pili, sina uwezo wa kununua vitabu vyote hivyo. Nianze na kipi?

Mchapaji wa Mtwara

Ndugu Katibu, hilo la kwanza ni la kweli wala si ubishi wa kutafutwa. «Elfu ishirini na tano» inaweza kuwa 25,000 na inaweza kuwa 20,005, kwa sababu «na tano» inaweza kushikamana na ishirini au na elfu ishirini nzima. Watu wengi huelewa 25,000, kwa kuwa sokoni hakuna bei ya 20,005, lakini ukifika kwenye namba za uanachama, namba za magunia au kilo zilizopimwa ghalani, soko haliwezi tena kukusaidia. Njia iliyo salama ni kutanguliza hesabu ya maelfu, yaani «ishirini na tano elfu», pale unapotaka 25,000, na kuandika tarakimu na maneno kwa pamoja kila mara. Katika daftari langu nimeongeza kwamba tarakimu na maneno yakipingana, hati hairuhusiwi kutoka dukani mpaka mwenye nayo aje aseme mwenyewe ni ipi.

Kuhusu kununua, anza na kamusi moja ya Kiswahili kwa Kiswahili, kisha nunua daftari la kurasa 96. Sarufi ifuate, na iwe ya sekondari au vyuo iliyoandikwa kwa Kiswahili. Usiisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kama hadithi. Soma yaliyomo, ujue kila sura imekaa wapi, kisha uirudie kila unapokwama. Daftari ndilo litakalokufaa zaidi kwa muda mrefu. Kila mnapobishana ofisini juu ya namna ya kuandika jambo fulani, amueni, andikeni uamuzi na sababu yake. Sababu ni muhimu kuliko uamuzi, maana atakayekuja baada yako akiijua ataweza kuubadilisha uamuzi huo pale hali itakapobadilika, na asipoijua ataufuata kwa woga au ataupuuza.

Mwalimu wa Nachingwea

Marahaba, ndugu Mchapaji. Umenijibu kwa heshima nami nimeridhika na mengi, hasa hilo la kutofautisha masimulizi na mkataba. Lakini naomba urudi kwenye ibara yako uliyoinyoosha. «Mwanachama akifariki, kikundi kitawapa watoto wake shilingi 200,000.» Marehemu akiacha watoto wanne, kikundi kitatoa shilingi 200,000 wagawane, au kitatoa 800,000?

Sikio langu ndilo lililoshtuka, si kitabu. Mzee wetu yeyote wa kijijini angalikuwa na jibu tayari, kwa sababu Kiswahili kina njia yake: wakipewa «laki mbili» ni fungu moja, wakipewa «laki mbili mbili» ni kila mmoja na lake. Wewe umeandika kwa tarakimu, na tarakimu haiwezi kurudiwa namna hiyo. Nadhani daftari lako, kwa kutaka usafi wa namba, limefuta neno ambalo ulimi ungelitamka.

Mchapaji wa Mtwara

Mwalimu, umenionyesha jambo kubwa, na ni kweli kwamba sikuliona. Niliangalia utata wa kirejeshi peke yake, na nilipoutoa nikadhani ibara imepona. Usiku wa jana nilifungua sarufi yangu kwenye sehemu ya kurudia maneno, na jambo hilo limeelezwa pale: kurudia idadi huleta maana ya mgawanyo, kama «waliingia wawili wawili». Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo zamani bila kuihusisha na fedha.

Leo asubuhi nimempigia simu mwenyekiti wa kikundi. Amesema kwamba kikaoni walitamka «laki mbili» bila kurudia, na kwamba yeye alielewa ni kwa familia nzima. Mweka hazina, aliyekuwa ameketi karibu naye, akadakia kwamba yeye siku zote alielewa ni kila mtoto, na ndivyo alivyopiga hesabu ya michango ya mwezi. Katiba ilikuwa isainiwe Jumamosi hii saa 10:00 jioni; wamekubaliana kwamba muda huo utumike kuijadili ibara hiyo kwanza. Nimeandaa matoleo mawili, moja la «shilingi 200,000 kwa watoto wote kwa pamoja» na jingine la «shilingi 200,000 kwa kila mtoto», nitawapelekea yote mawili wachague. Na kwenye daftari, chini ya kanuni ya fedha, nimeongeza mstari: wapokeaji wakiwa zaidi ya mmoja, andika «kwa pamoja» au «kwa kila mmoja», usiache tarakimu peke yake. Sababu nayo nimeiandika, pamoja na mfano wako wa laki mbili mbili.